Koili ya Pili

Sipendi mteja anayeniletea kitu kilichoharibika halafu ananiambia nisikiguse. Ninao wengi. Kuna anayeleta redio na kutaka niipulize vumbi tu, na kuna anayeleta feni kisha anasimama nyuma yangu kunihesabia skrubu. Kwa hiyo yule mshonaji alipoingia dukani kwangu Lodwar na gitaa la umeme lililofungwa kwenye shuka la maua, akanitajia masharti kabla hata ya kunitajia ugonjwa, nilianza kumchukia kidogo.

"Ejok," alisema, kwa lafudhi ya mtu aliyeokota salamu hiyo ya Kiturkana sokoni.

"Ejok-noi. Keti kwanza."

"Mama fundi, nataka utengeneze sauti. Lakini waya usifungue."

Alikuwa mtu mrefu wa Sudan Kusini, aliyekulia kambini Kakuma. Siku za wiki alishona sare za shule na nguo za harusi, na Jumapili alipiga gitaa katika kwaya ya kanisa lao. Mtu fulani alimwambia kwamba Lodwar kuna mama anayezungushia waya upya mota za feni na za pampu, na kwamba mama huyo hashindwi na waya wowote. Sifa hiyo ni ya kweli. Mjomba wangu alinifundisha kazi hii nikiwa msichana, na mtu akinisifu sijifanyi kukataa.

Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna kipande kinachosikia nyuzi zikitikisika na kupeleka habari hiyo kwenye amplifaya. Wapiga gitaa hukiita pikapu. Ndani yake hamna maajabu: sumaku, na waya mwembamba kuliko unywele uliozungushwa maelfu ya mara. Pikapu ya koili moja ina sauti nzuri, lakini inasikia kila kitu, pamoja na jenereta ya jirani na inveta ya sola, na hayo yote hutokea kwenye spika kama mvumo. Ile ya koili mbili, ambayo wao huiita hambaka, ni ujanja wa mtu aliyechoshwa na mvumo huo. Koili zinakaa ubavu kwa ubavu, moja ikiwa kinyume cha nyingine kwa waya na kwa sumaku, na kelele za nje zinauana humo ndani huku sauti ya nyuzi ikibaki. Kanisa lao lilitumia sola, na mawingu yakitanda, jenereta. Bila hambaka, mshonaji alisema, jenereta ndiyo ingekuwa inaongoza kwaya.

Alifungua shuka. Pamoja na gitaa kulikuwa na kiboksi, na ndani ya kiboksi hambaka mpya kutoka Nairobi, bado iko kwenye sponji yake.

"Wazee wa kwaya wamechanga, wakanunua hii. Wanasema weka mpya, mambo iishe. Mimi sitaki. Ile ya zamani ni mkono ya kaka yangu. Yeye ndio alizungusha hiyo waya, na cherehani."

"Na cherehani?"

"Na cherehani."

Hapo nilimsikiliza vizuri zaidi. Gitaa lilipofika kwao, miaka ya nyuma, pikapu yake ilikuwa imekufa. Kaka yake, mshonaji pia, alitupa waya wote uliokatikakatika akabaki na plastiki na sumaku. Alipata waya mwingine kwenye adapta mbovu. Kisha akaibandika koili tupu kwenye kile kigurudumu kidogo cha cherehani kinachojaza uzi, akaanza kukanyaga pedali. Kwa mwendo ule hakuna anayeweza kuhesabu mizunguko, kwa hiyo alipima kwa kuimba. Alichagua wimbo mrefu wa ibada wenye mwendo usiobadilika, mguu ukafuata wimbo, na mama yao, aliyekuwa karibu akichambua maharagwe, akaimba naye. Mdogo mtu hakuwapo. Alikuwa shuleni siku hiyo, na alirudi akakuta gitaa linalia.

Baadaye kaka alirudi kwao Sudan Kusini kutazama kama kuna chochote kilichobaki cha familia. Habari iliyofuata ilikuwa ya kifo chake. Tangu hapo mama yao alikuwa akienda kanisani kila Jumapili na kigoda chake, anakiweka kando ya spika, na hataki kuketi mahali pengine hata wazee wakimbembeleza. Lakini baada ya Pasaka sauti ya gitaa ilififia. Jumapili mbili tatu mama alisogeza kigoda karibu zaidi, akitega sikio. Halafu akakirudisha nyumbani.

"Anasema sasa ndio amekufa kweli," mshonaji alisema, akiliangalia gitaa. "Kwa hiyo fanya yote unaweza. Safisha, badilisha kitu ingine yote. Lakini mkono yake usifungue. Kama imekataa kabisa, basi, weka hiyo ya Nairobi."

Nilimpa pole, na niliimaanisha. Pia nilikuwa nimeshashika bisibisi.

Alipoondoka nililiunganisha gitaa na amplifaya. Sauti ilikuwa nzito na ndogo, mtu anayeongea ndani ya blanketi. Nikalegeza nyuzi, nikazitoa, nikaitoa pikapu. Ilikuwa na kifuniko cha bati linalong'aa, pembe zake zimelehemiwa vizuri kuliko mimi ninavyolehemu, na niliheshimu kazi hiyo kwa dakika nzima. Kisha nikakitoa kifuniko, nikakigeuza, nikakifanya kibakuli cha kuwekea skrubu.

Nikapima. Koili ya kwanza ilinipa namba yake ya ukinzani, ya pili ikanipa namba ndogo zaidi. Nikaziandika kwenye daftari. Tofauti haikuwa ya mchezo. Kwenye mota, koili mbili za jozi moja zikitofautiana kiasi hicho, huna haja ya kuuliza mtu: ile yenye namba ndogo imeungua, waya umegusana ndani kwa ndani, na dawa yake ni moja. Nimetibu mota nyingi kwa dawa hiyo. Fundi wa magitaa angerudisha nyuzi kwanza akasikiliza. Mimi mota siisikilizi, naipima.

Maneno ya mshonaji niliyakumbuka, siwezi kusema niliyasahau. Nilijiambia kwamba mteja akisema usiguse anasema kwa hofu, na hofu ya mteja si kipimo. Nilijiambia pia kwamba koili moja ya kaka ingebaki vilevile. Koili zilikuwa zimezungushiwa uzi mweusi wa kushonea juu ya waya, na uzi umefungwa fundo dogo, safi, la mtu anayefunga mafundo kila siku. Nikalikata kwa wembe.

Waya ulitoka vizuri mwanzoni. Halafu ukakatika, nikaupata mwisho wake, ukakatika tena. Katika mota huwa nahesabu mizunguko ninapofungua, lakini huu ulikatika mara nyingi mno, nikaacha kuhesabu na kuanza kuuvuta vipande vipande kuelekea mezani. Nilikuwa natafuta weusi wa kuungua. Nilifika chini kabisa, kwenye plastiki, bila kuuona. Waya ulikuwa mzima tangu mwanzo hadi mwisho, isipokuwa pale nilipoukata mimi; namba ilikuwa ndogo kwa sababu waya wenyewe ulikuwa mfupi.

Nilikaa nikiuangalia. Baadaye nikaanza kupanga vitu mezani, kwa sababu mikono yangu haijui kukaa bure, na nilipoichukua ile sumaku ili niiweke pembeni iliniponyoka ikaruka, ikaenda kujibamiza kwenye kibakuli changu cha skrubu. Nikadhani imefuata skrubu. Nikazimwaga. Sumaku ikabaki imeng'ang'ania bati.

Ndani ya kifuniko, upande ambao hakuna anayeuona, kulikuwa na mabaki ya herufi za rangi. Nilizijua mara moja, kama mtu yeyote wa huku angezijua. Lilikuwa kopo la mafuta ya kupikia ya mgao wa kambini. Kakuma makopo hayo yamekuwa milango, taa, majiko, masanduku ya nguo na kuta nzima za vyoo, na hata hapa Lodwar ninaporusha jicho dukani mwangu naona mawili yanayoshikilia misumari. Ndiyo maana sikuliona. Ni chuma kilichopakwa mng'ao. Kifuniko halisi cha pikapu hutengenezwa kwa madini ambayo sumaku haiyashiki, na sababu yake ni hiyo hiyo: ukiweka chuma kati ya sumaku na nyuzi, pikapu inabaki inasikia chuma.

Nilitaka uhakika, ingawa nilikuwa nao. Nikaifunga hambaka ya Nairobi, nikarudisha nyuzi, nikapiga. Ilikuwa na sauti safi, nene, ya mtangazaji wa habari anayelipwa vizuri. Nikalishikilia bati juu yake. Mtangazaji akaingia kwenye blanketi. Nikaliondoa, akatoka. Nilifanya hivyo mara nne, na mara ya nne sikuwa napima chochote.

Nikampigia mshonaji simu, nikamwuliza kifuniko kilitoka wapi.

"Ah, hiyo! Jirani yetu wa mabati. Alitupatia Pasaka, zawadi. Kwaya ilikuwa na joho mpya, akasema gitaa pia ivae. Inang'aa, si ndio?"

"Inang'aa."

"Umepata shida iko wapi?"

"Nimepata," nilisema. "Nitaileta mwenyewe Kakuma."

Alifurahi. Alinibariki kwa Kiswahili, halafu kwa lugha nyingine mbili. Mimi niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kazini, na nimewahi kuunguza pampu ya watu.

Kazi yote ilikuwa ni kufungua kifuniko. Dakika tano, na sehemu kubwa ya hizo ni kutafuta bisibisi.

Nilifikiria kunyamaza. Nilifikiria kwa utulivu, nikinywa chai. Waya wa unene ule ninao. Ningeijaza koili ya pili hadi ilingane na ya kwanza, ningeifunga uzi mweusi, fundo dogo, na hambaka ingelia vizuri, pengine vizuri kuliko zamani. Hakuna ambaye angejua. Kilichonizuia si wema. Kazi ya maisha yangu ni kuhakikisha koili zinalingana, na yule marehemu, ambaye mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, hakuzilinganisha. Sikujua kwa nini. Nisingeweza kufunga kazi ambayo siielewi kisha nikaiita yake.

Kesho yake nilifunga duka. Nilibeba gitaa, koili nzima, koili tupu, rola ya waya, kipimo changu na amplifaya yangu ndogo ya betri yenye spika. Nilipofika kwao Kakuma, juu ya eneo la Lopur kulikuwa na jua jeupe, na mshonaji alikuwa kivulini mbele ya nyumba, mguu kwenye pedali, akimalizia mkono wa shati. Mama yake alichungulia mlangoni, mwembamba, kitambaa kichwani.

"Taal akulu!" alimwita.

Mshonaji hakuinua kichwa. "Ananiita nikule," aliniambia. "Kila siku ni hivi. Nikifika katikati ya mshono, ndio chakula inaiva."

Kisha akaona uso wangu, akauacha mshono.

Nilimweleza yote kwa mpangilio: bati, namba mbili, wembe. Sikutafuta maneno laini kwa sababu najua nikianza kutafuta huwa nasema uongo. Aliweka mkono juu ya cherehani, akaushikilia hapo.

"Nilikuambia," alisema.

"Uliniambia."

"Nilikuambia mara ngapi?"

"Mara mbili."

Alilitoa shati chini ya sindano, akalikunja. Ningependelea anitukane. Watu wa mota hunitukana, nami huwajibu, na kazi inaendelea. Niliweka koili mbili mezani, nikasema kwamba hii iliyojaa bado ni mkono wa kaka yake, haijaguswa, na kwamba naweza kuiunganisha peke yake. Ila ikiwa peke yake itavuma.

"Mama hataki mvumo," alisema. "Mama anataka mtoto wake."

Mama alikuwa ametoka na amesimama karibu yetu. Mwanawe alimwambia kwa lugha yao, kwa maneno machache kuliko niliyotumia mimi. Nilingoja. Yeye hakuniangalia. Alichukua ile koili nzima, akapitisha kidole gumba juu ya uzi mweusi, akasimama kwenye fundo. Kisha akachukua ile tupu, akaigeuzageuza. Akauliza kitu.

"Anauliza, hii umeharibu ni ya kwanza ama ya pili?"

"Sijui aliyoanza nayo. Ni ile yenye waya kidogo."

Mshonaji alitafsiri. Mama akatikisa kichwa kukubali, akasema maneno mengi, na nikamwona mwanawe akikunja uso kama anayesikia jambo kwa mara ya kwanza.

"Anasema hiyo ni ya pili. Anasema kwa ya kwanza waliimba wimbo mara tatu. Hiyo ya pili waliimba mara mbili, na ya tatu haikuisha." Akageuka kumwuliza mama yake swali, nadhani lilelile nililotaka kuuliza mimi, lakini mama alikuwa ameshavuta kigoda. Alikiweka kando ya cherehani, akaketi, akanionyesha kigurudumu kwa kidevu.

Tuliibandika koili tupu kwenye kigurudumu kwa gundi na kipande cha kadibodi. Mshonaji aliketi penye kiti cha kaka yake, ambacho kimekuwa chake. Mimi nilishika waya kati ya vidole, kwa sababu waya huo ukiuvuta unakatika na ukiulegeza unajikunja, na hiyo kazi, angalau hiyo, naijua. Mama akaanza kuimba.

Sauti yake ilikuwa kavu na haikuwa na haraka. Mguu wa mwanawe uliyumba kidogo, ukatafuta mwendo, ukaupata. Waya ulipita vidoleni mwangu ukiwa na joto dogo. Sikuelewa hata neno moja la wimbo, lakini baada ya muda nilijua beti zinapogeuka, kwa sababu mkono wangu ulianza kugeuka nazo, kutoka ukingo mmoja wa koili hadi mwingine. Niliona jinsi yule mtu alivyofanya. Hakuwa amebahatisha. Wimbo ulikuwa kipimo kizuri kama vipimo vyangu, na ulikuwa na mtu wa pili wa kukusahihisha.

Uliisha mara ya kwanza. Mama akavuta pumzi, akaanza tena. Uliisha mara ya pili. Ya tatu ilifika mahali ambapo sauti hupanda, nami nikapeleka mkono upande wa kushoto kuufuata. Mama akanyamaza, katikati ya ubeti. Akaiangalia cherehani, akainua sauti kidogo, kama anayemwita mtu asiyependa kuitwa akiwa kazini.

"Taal akulu," alisema.

Mguu wa mshonaji uliacha pedali. Kigurudumu kikazunguka kwa nguvu zake chenyewe, kikasimama.

Ile tofauti niliyoipima Lodwar, nikaiandika kwenye daftari, nikaiita kuungua, ilikuwa chakula cha mchana. Mtu aliitwa na mama yake, akaona koili imetosha, akaenda kula. Niliinamia waya ili nipate kisingizio cha kutoinua uso.

Niliukata hapo hapo. Mshonaji akaufunga uzi mweusi, fundo dogo, akikosea mara moja na kurudia. Nilipima kwa mazoea tu, na namba ilikaribia sana ile niliyokuwa nimeiandika. Niliwaonyesha, lakini hawakuhitaji.

Nilitaka tufunge pikapu kwanza, tusikie. Mama aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu nifike, akaonyesha mlango kwa kidevu chake kilekile. Basi tukaliacha gitaa mezani, wazi, bila nyuzi wala kifuniko, tukaenda kula. Kulikuwa na maharagwe na asida, ugali wao. Tulipotoka nje kulifunga, kigoda cha mama kilikuwa tayari kando ya spika yangu.